Oili Tele

Siku mliyoniaga mlinikatia keki yenye umbo la kijiti cha kupimia oili. Ilikuwa ndefu kama mkono wangu, imechorwa alama mbili za chokoleti, ya chini na ya juu, na aliyeipaka krimu alihakikisha inafika ya juu kabisa. Mlicheka mkavunjika mbavu. Nami nilicheka, ingawa nilikumbuka kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza kwa nini katika gereji yetu ya Ras Al Khor mtu haruhusiwi kusema kwamba ametia oili. Anachomoa kijiti, anakifuta kwa kitambaa cheupe, anakichovya tena, kisha anamwonyesha mwenzake. Mdomo haukubaliwi kuwa shahidi. Jina langu la Rajabu mkalisahau, mkaniita Mzee Kijiti, mkadhani ni maradhi ya uzee.

Sasa nimestaafu, nina wiki chache za viza ya Dubai zilizobaki na kitanda kimoja Karama katika chumba cha watu watano, na mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo nilipata viwili, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika nilivyoanza na nilivyomaliza, kwa sababu gari la mwanzo na gari la mwisho lilikuwa lile lile.

Nilitoka Tanga, Ngamiani, nikiwa na ufundi wa malori ya mashamba ya mkonge na kiburi cha kijana anayeweza kushusha giaboksi peke yake. Gereji ilikuwa ndogo kuliko mnavyoijua, mabati juu na mchanga chini, na fundi mkuu alikuwa Mpathani wa Peshawar, Pakistan, aitwaye Gul. Watu wote walimwita Ustad. Kwetu ustadhi ni mwalimu wa madrasa, kwa hiyo asubuhi ya kwanza nilimwinamia nikambusu mkono. Ulikuwa na grisi hadi kwenye kiwiko. Aliutoa upesi, akautazama, akanitazama mimi na mdomo wangu mweusi, akanipa sabuni. Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza Dubai.

Kiingereza kilikuwa cha wateja, Kiarabu kilikuwa cha arbab, yaani mwenye gereji, na kazi yenyewe ilisemwa kwa Kiurdu. Sikujua neno hata moja. Siku ile ile Ustad akiwa chini ya gari alitoa mkono nje akasema, “Bara.” Nilifurahi sana. Nikajiambia, kumbe hata Peshawar wanajua kwamba Tanzania ina Bara na Visiwani! Nikamjibu kwa adabu zote, “Yes, sir. Bara. Tanga.” Mkono ukabaki hewani. Mwishowe alitoka mwenyewe akachukua spana ya kumi na mbili, maana hiyo ndiyo bara kwa lugha yao. Baadaye aliomba “saat”, ambayo ni saba, nami nikatazama saa yangu nikamwambia ni saa tano na robo. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini Ustad hakuchoka kuniambia. Alinifundisha pia kusikiliza injini kwa bisibisi ndefu: ncha unaiweka kwenye chuma, mpini unauweka nyuma ya sikio, na beringi inayougua inakusimulia habari zake.

Wiki ya tatu liliingia gari ambalo sijapata kuona jingine lililonitetemesha vile. Lilikuwa gari la michezo la Kijapani, milango miwili, boneti ndefu, rangi ya machungwa, injini ya silinda sita iliyokuwa ikiunguruma polepole kwa raha zake. Mwenyewe alikuwa Bwana Seif, mtu wa makamo, kanzu nyeupe, wa familia ya Kizanzibari iliyohamia Ghuba zamani. Aliposikia nikihesabu bolti kwa Kiswahili aligeuka. “Wa wapi wewe, yakhe?” aliniuliza kwa Kiunguja safi, na machozi yakanilengalenga kwa vile nilikuwa sijasikia mtu akiniita yakhe tangu nishuke kwenye ndege. Tukaongea kidogo habari za Tanga na Unguja. Kisha akageuka akaendelea na Ustad kwa Kiurdu bila kujikwaa, kama wazee wengi wa huku waliokulia kwenye biashara na Wahindi. Lishikeni hilo, litarudi.

Alikuja kubadilishiwa oili tu. Ustad aliimwaga ya zamani, akafunga chujio jipya, akakaza bolti ya chini, akaweka kopo jipya la oili karibu na tairi la mbele. Hapo arbab akamwita ofisini. Alipofika mlangoni akakumbuka, akageuka akanipigia kelele kutoka mbali: “Tel?”

Tel kwa lugha yao ni mafuta, oili. Alikuwa ananiuliza kama nimetia. Mimi nilisikia tele. Nikaelewa kwamba Ustad ananiambia gari limejaa, kila kitu kiko tele, ananiuliza tu kama nami naona hivyo. Nani mimi wa kumpinga? Nikainua dole gumba nikamjibu kwa sauti ya kijana mwenye bidii, “Tele! Tele!” Yeye akasikia tel, tel, akaridhika, akaingia ofisini. Mimi nikafunga boneti. Kisha, kwa usafi wangu, nikalichukua lile kopo ambalo halijafunguliwa nikalirudisha stoo.

Bwana Seif aliondoka akinipungia mkono. Taa ya oili kwenye dashibodi ilikuwa imeungua siku nyingi, kwa hiyo gari halikuwa na njia ya kumwambia. Injini ilinoki karibu na Rashidiya, kabla hajafika kwake Al Twar. Iliganda jiwe, haizunguki mbele wala nyuma. Lilirudi gereji juu ya rikavari, lori la kubebea magari mabovu, na Bwana Seif akiwa kiti cha mbele na kilemba chake magotini.

Ustad alichomoa kijiti, kikavu. Akaenda stoo, akaona kopo zima. Akaniita pembeni akaniuliza kwa ishara, nami nikarudia tele, nikimwonyesha kwa mikono tumbo la mtu aliyeshiba. Aliketi juu ya tairi akanitazama muda mrefu. Kisha akasimama, akaenda kwa arbab, akasema amesahau yeye mwenyewe. Arbab alipiga kelele siku tatu. Mimi nilikuwa nafagia, nimeinamisha kichwa.

Nilikuja kuelewa kilichotokea baada ya mwezi, nilipojua tel ni nini. Siku hiyo sikula. Kufikia hapo Bwana Seif alikuwa amelivuta gari lake nyumbani, kwa sababu injini ya namna ile ilikuwa haipatikani, na Ustad alikuwa ameshatunga sheria ya kijiti na kitambaa cheupe. Mimi ndiye niliyeirithi. Miaka ilipita, Ustad akarudi kwao Peshawar akaniachia bisibisi yake. Kutoka gereji hadi Al Twar ni mwendo mfupi, na kila Ijumaa nilikuwa na nafasi ya kwenda kumwambia Bwana Seif, “Haikuwa Ustad, ilikuwa mimi.” Sikwenda. Mwanzoni ulikuwa woga wa kurudishwa Tanga na wiki chache za Dubai mfukoni. Baadaye ikawa aibu ya ule woga, na aibu inazidi uzito kila unapoiahirisha.

Kazi zilizofuata mnazijua nyingi. Mnakumbuka gari la yule mama mwalimu lililokuwa likilia njuga kila AC ikiwashwa, mkashusha dashibodi nzima, mkabadilisha mota, bado likalia. Niliweka bisibisi nyuma ya sikio nikawaambia hicho si chuma. Tulitoa kwenye feni kokwa za tende kumi na saba. Watoto walikuwa wakifuturia kiti cha mbele Ramadhani nzima na kudumbukiza kokwa kwenye matundu ya hewa. Somo lake si kwamba watoto ni watundu. Somo ni kwamba msikilize mgonjwa kabla ya kumpasua.

Wiki ya kwanza ya kustaafu kwangu nilipigiwa simu na kijana aitwaye Khalid. Aliniambia kwa Kiingereza, na Kiswahili kidogo cha kuokota, kwamba mama yake anahama nyumba ya Al Twar, kwamba kuna gari bovu la marehemu baba yake, na kwamba mama ameuliza gereji kama yuko fundi wa Tanga wa siku nyingi. Nilitaka kusema hayuko. Nikasema yuko.

Nilibadilisha metro mara moja nikashuka Qusais nikatembea. Chini ya kivuli cha mabati, nyuma ya majokofu mawili ya zamani, palikuwa na turubai. Nilipolifunua vumbi liliniingia hadi kooni. Rangi ya machungwa ilikuwa imepauka ikawa ya embe bichi linaloanza kuiva, lakini mwili ulikuwa mzima. Kabla sijafikiri, nilikuwa nimeshafungua boneti na kuchomoa kijiti. Kilikuwa kikavu, kama tulivyokiacha. Nilipogeuka, Bi Zuwena, mjane wa Bwana Seif, alikuwa amesimama kibarazani na fimbo yake, miwani minene, ananitazama.

“Shikamoo, Bi Zuwena,” nikasema, kijiti mkononi.

“Marahaba. Kwenu mnaanza kusalimia magari?”

Alinieleza shida yake pale pale. Alhamisi ya mwisho wa mwezi atahamia kwa Khalid, Mirdif. Khalid hana ubaya na gari, ila hataki mzoga uwanjani kwake, na amepata mtu wa Jumeirah mwenye mkahawa anayelitaka. Atakata paa, ataweka meza katikati, wateja wakae ndani wanywe kahawa. Mama na mwana walikuwa wamepatana: likitoka getini kwa nguvu zake siku hiyo, linakwenda Mirdif. Lisipotoka, linakuwa fanicha. “Seif aliliingiza hapa kwa kuvutwa na kamba,” Bi Zuwena alisema. “Mie nataka litoke kwa miguu yake.” Nilikuwa na siku ishirini na nne, sina shimo la gereji wala lifti, na joto ndiyo kwanza linaingia.

Injini ya zamani niliiona haifai. Nikaamua kutafuta ya gari la familia la baadaye, ya Kijapani pia, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Khalid alishughulikia makaratasi ya kubadili injini, nami nikashinda siku mbili katika maduka ya vipuri ya Sharjah nikiziwekea injini bisibisi kama daktari wa zamu. Niliyoichagua tuliileta na giaboksi yake. Winchi ya kunyanyulia niliazima kwenu, na mkaniuliza naitakia nini, nikawajibu naanika nguo.

Kazi tulianza baada ya swala ya alfajiri hadi saa tatu, tukapumzika, tukarudi alasiri. Nasema tulianza kwa sababu siku ya pili nilipata msaidizi ambaye sikumwomba. Mercy, msichana wa kazi wa nyumba ile, mtu wa Kakamega mwenye mikono imara, aliona nikihangaika kuishika bolti kwa juu na nati kwa chini, akaweka beseni la nguo. “Mzee, wewe shika huko, mimi nashika hapa. Si ni kukaza tu?” Kufikia wiki ya pili alikuwa akijua spana kwa macho, na Bi Zuwena akawa anapika mwenyewe.

Mercy na mimi tulikosana kwa jambo moja tu. Asubuhi moja nilimuuliza kama chai ina maziwa. Akajibu, “Maziwa tele, mzee.” Nikafurahi, nikamimina, ikatoka rangi. Nikafungua jokofu, hamna hata tone. Nikamwambia Kiswahili chenu cha bara la Kenya kinahitaji ukaguzi kama magari. Alinijibu kwamba yeye hakuja nacho, alikikuta nyumba hii. Sikumsikiliza. Neno lile lilikuwa limenichoma kwa sababu zangu, na nilitaka kuliacha lipite.

Injini ngeni haiingii kwenye gari kama mkate kwenye tanuri. Kwanza niliipima kwa boksi la katoni nililolikata kwa vipimo vyake, nikaliweka pale injini inapokaa, tukagundua sampu, lile bakuli la oili la chini, lina tumbo kwa mbele na litagonga chuma cha mbele cha gari. Nikarudi Sharjah kutafuta sampu yenye tumbo nyuma. Muuzaji aliniambia inshallah mara nne, na mara ya nne ilikuwa kweli. Vishikizo vya injini nilivichora kwa chaki sakafuni na kuvichomelea mwenyewe. Propela, ile nondo nene inayozungusha tairi za nyuma, ilikatwa ikapunguzwa urefu wa shubiri moja. Tulipoishusha injini mahali pake, boneti ikakataa kufunga kwa vidole viwili. Nilikaa juu ya tairi kama Ustad siku ile. Kisha nikavitoa vishikizo, nikavipunguza, nikavirudisha, na siku tatu zikaenda.

Jumanne ya wiki ya mwisho zilibaki waya na maji. Wabeba vyuma chakavu walikuwa wanakuja kuichukua injini ya zamani, iliyokuwa pembeni juu ya mbao. Bi Zuwena aliomba kiti kiwekwe karibu nayo. Aliketi, akaniambia, “Ifungue kabla haijakwenda. Nataka kujua imekufa na nini.”

Niliilaza nikatoa sampu. Ndani palikuwa pakavu, na beringi za krenki zilikuwa zimeyeyuka zikashikana na chuma, nyeusi kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Fundi yeyote angeisoma kwa dakika moja. Nami nilikuwa na majibu mawili tayari. La kwanza ni uzee, injini zinakufa, Mungu ndiye anayejua. La pili ni kwamba Ustad Gul alisahau, na Ustad yuko Peshawar, hatasikia. Sitaki kuwadanganya: nililipima lile la pili, na halikuwa zito mdomoni.

“Haikuwa na oili,” nikasema.

“Kwa nini?”

Basi nikamsimulia. Nilimsimulia bara na saat, nikamsimulia kopo nililolirudisha stoo, nikamsimulia siku tatu za kelele za arbab na mimi na ufagio wangu. Nilimwambia Ustad alinibebea, na kwamba nilikuwa na Ijumaa zaidi ya elfu moja za kuja hapa na sikuja hata moja. Nilimwomba radhi. Sikuweza kumtazama, nikamtazama Mercy, ambaye alikuwa amesimama na spana mkononi.

Bi Zuwena alivua miwani. Mabega yake yalianza kutikisika, na nikadhani analia, nikataka kuondoka. Akapaza sauti: “Mercy! Jikoni kuna sukari?”

“Sukari tele, madam,” Mercy akajibu, na kisha naye akashika mdomo.

“Maana yake hakuna,” Bi Zuwena aliniambia, akijifuta macho. “Katika nyumba hii tele ni hakuna. Khalid alipokuwa shule akipata sufuri, husema amepata maksi tele.” Ustad, alinieleza, alikuja hapa Al Twar wiki ile ile kumwomba Bwana Seif radhi, akamweleza jinsi alivyouliza tel na yule kijana akajibu tel, tel, na kuonyesha tumbo. Hakuelewa kijana alikuwa na maana gani. Lakini Bwana Seif alikuwa anajua Kiurdu na Kiswahili. Pengine alikuwa mtu pekee Dubai nzima aliyeweza kuusikia upuuzi ule kutoka pande zote mbili. Alicheka hadi akakaa chini, neno tele likabaki hapa nyumbani kwa maana ya hakuna, na ni yeye aliyemwambia Ustad nisifukuzwe.

“Nilikujua siku ya kwanza,” Bi Zuwena alisema. “Nani mwingine angekimbilia kijiti kabla ya kuamkia watu? Nikasema n'tamsubiri aseme mwenyewe.” Kisha akaweka mkono wake juu ya ile injini. “Lakini usidhani haikumuuma, Rajabu. Alicheka, na hakuliendesha tena gari lake mpaka alipokufa. Alikuwa akitafuta injini, kisha maradhi yakamtafuta yeye. Yote mawili ni kweli, na wewe yabebe yote mawili.”

Nikasema nitayabeba, na nayabeba. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi nilichozaa baada ya miaka yote ile ni usingizi. Nililala Karama usiku ule kama mtoto, na wenzangu wa chumbani wanasema nilikoroma.

Jumatano alasiri tukalijaza maji, tukafunga betri, nikapiga starta. Mara ya kwanza likakohoa. Mara ya pili likashika. Niliweka bisibisi ya Ustad nyuma ya sikio nikazunguka injini nzima, silinda moja moja, na haikuwa na lalamiko. Kitu kilichokuwa na lalamiko kilikuwa joto. Sindano ilipanda ikapita katikati, nikazima, nikapekua mabomba yote ya maji bila kuona kosa. Nililiwasha tena. Mercy alikuwa amesimama mbele ya gari na aproni yake ikapeperuka hadi usoni. “Mzee, hizi feni zinapuliza huku nje,” alisema. “Si zinafaa kuvuta?” Nilikuwa nimegeuza waya. Miaka thelathini na moja ya ufundi hapa Dubai, na nimesahihishwa na aproni. Tuligeuza, sindano ikakaa mahali pake.

Alhamisi asubuhi lori la kuhamisha vyombo lilikuwa limeshapakia. Nje ya geti palisimama rikavari, kwa sababu gari lilipaswa kupelekwa ukaguzi kwanza kabla ya kuruhusiwa barabarani, na karibu yake alisimama yule mtu wa mkahawa, ambaye alikuja na futi ya kupimia. Kutoka kwenye kivuli hadi rikavari ni kama hatua arobaini. Khalid alitaka mimi niliendeshe. Mama yake alimpa fimbo amshikie.

“Baba'ko alinifundisha kuendesha kwa gari hili,” alimwambia. “Ama umesahau?”

Aliingia taratibu, akavuta kiti mbele, akapanga vioo, akagusa gia kama mtu anayekumbuka namba ya simu ya zamani. Kisha akatoa kichwa dirishani akaniuliza, “Fundi, oili?”

Nilifanya nilivyowafundisha. Nilifungua boneti, nikachomoa kijiti, nikakifuta kwa kitambaa cheupe, nikakichovya, nikakichomoa, oili imefika alama ya juu, nikamletea hadi dirishani. Alikitazama kijiti, akanitazama mimi, akakisukuma pembeni kwa kidole.

“Macho yangu hayaoni alama hizo. Niambie kwa mdomo.”

Mercy alikuwa ameshika komeo la geti. Kwa miaka thelathini na moja sikuwa nimemkubalia mtu yeyote jambo hilo kwa mdomo, na hakuna aliyenikubalia mimi.

“Tele, Bi Zuwena,” nikasema.

“Haya,” akasema, akapiga starta, na gari likatoka getini kwa miguu yake.

Nyinyi wengine endeleeni na kijiti.